UZI: Dakika ya kimya kabla ya fainali kwa waliokufa vitani. Ipangwe vipi isiharibike?

Katibu_Mtaani

Assalam alaykum na habari za jioni wana ukumbi. Kamati yetu ya mashindano ya mtaa yataka fainali ya mwezi wa Novemba ianze kwa kuwakumbuka waliokufa vitani. Mdhamini ndiye aliyeleta wazo, kwa anayoyaona Ligi Kuu ya Uingereza: ua jekundu la popi kwenye jezi, tarumbeta, dakika moja ya kimya. Uwanja ni wa wazi hapa kisiwani Mombasa, hauna ukuta wala jukwaa. Watu husimama mstarini, watoto tele, na barabara iko pale pale. Mpira waanza saa kumi kamili alasiri. Nani afanye nini, kwa muda gani? Jezi ziguswe au ziachwe? Na hiyo tarehe 11 Novemba, siku yao ya kumbukumbu, yatuhusu sisi? Mwenye ujuzi ashuke na mambo ya kutendeka, siasa tutazikuta mbele.

Kipenga_cha_Pwani

Bwana Katibu, kimya huharibiwa na ratiba kabla hakijaharibiwa na mashabiki. Watu wakisimamishwa juani dakika nne wakimsubiri mtu atafute kipaza sauti, ile dakika yenyewe hamtaipata. Panga kwa kurudi nyuma kutoka saa kumi.

Saa tisa na dakika 50 timu zote ziwe zimemaliza kupasha misuli na uwanja uko mtupu. Saa tisa na 53 ziingie nyuma ya waamuzi. Wimbo wa taifa, kama mwaupiga, uje hapo, timu zikiwa mstari mmoja zimewaelekea wageni wa heshima, na ubeti wa kwanza watosha. Kisha kupeana mikono, kisha sarafu. Sarafu irushwe kabla ya kimya. Manahodha wakishachagua upande, baada ya kimya hakuna kazi iliyobaki ila kila mtu kwenda nafasi yake. Ukiiweka sarafu nyuma, heshima yote yafuatwa papo hapo na watu wanaopishana mbio wakiitana majina, na mtangazaji huona nafasi ya kutangaza soda.

Saa tisa na 57 waende duara la katikati. Hapa kamati nyingi huwaambia wachezaji walizunguke duara zima wakishikana mabega. Hesabu haikubali. Duara lina mita 9.15 kutoka nukta hadi ukingo, kwa hiyo upinde wa upande mmoja ni karibu mita 29. Wachezaji 11 walioshikana mabega hujaza mita nane hivi. Wakijaribu kulizunguka watavutana mpaka mstari ukatike, na picha itatoka mbaya. Kila timu isimame katikati ya upinde wake ikitazamana na wenzao. Waamuzi wawe kwenye mstari wa kati, mpira kwenye nukta. Akiba na makocha wasimame mbele ya benchi.

Mtangazaji asome kwa nusu dakika, asizidishe, na maneno yake ya mwisho yawe haya: "Kimya kitaanza kwa kipenga cha mwamuzi na kitaisha kwa kipenga cha mwamuzi." Ukinyimwa mengine yote, ing'ang'anie sentensi hiyo. Watu wengi wanaovunja kimya hawana ubaya, hawajui tu kama kimeanza au kimeisha. Mmoja akipiga makofi kwenye sekunde ya 40, wote wadhani imekwisha, na huwezi kuwarudisha tena.

Kipenga kimoja kirefu, sekunde 60, kipenga kimoja kirefu. Saa aishike mshika kibendera, amwashirie refa. Refa akiinama mara tatu kutazama mkono wake, uwanja mzima huanza kuhesabu naye.

Barua iende kwa wasimamizi wa mashindano na kwa kamishna wa mechi wiki mbili kabla, na nakala kwa timu zote mbili. Jopo la waamuzi lisishtukizwe siku ya siku.

Fundi_Mitambo

Naongezea upande wa sauti, maana hapo ndipo penye aibu nyingi.

Kwanza, msitundike spika za honi kwenye kila goli. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Honi mbili zilizoachana mita 100 zamfikia mtu wa kona kwa kupishana karibu theluthi moja ya sekunde, na maneno yake yawa mwangwi mtupu: asikia "waliokufa-kufa vitani-tani". Weka spika zote upande mmoja, usawa wa mstari wa kati, juu ya vichwa vya watu, zikielekea ng'ambo. Wa nyuma ya spika watasikia kidogo, lakini wataelewa.

Pili, kama tarumbeta yatoka kwenye simu, simu hiyo iwekwe hali ya ndegeni, kengele ya saa izimwe, na faili iwe imehifadhiwa ndani ya simu. Ukiitegemea intaneti, tangazo la mkopo laweza kukatiza huzuni ya watu mia tano. Faili iwe imekatwa mwisho wake, la sivyo baada ya tarumbeta huingia wimbo unaofuata kwenye orodha.

Tatu, jenereta isizimwe wakati wa kimya. Najua yaonekana busara. Ikizimwa, amplifaya zalala, na zikiamka zapiga kishindo cha kupasua masikio, tena huenda isiwake kwa mkupuo wa kwanza. Iweke mbali mita 30 hivi, upande ule upepo unakoelekea, bomba la moshi likitazama nje. Wakati wa kimya shusha sauti kuu ya mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, mpaka chini na ufunge vipaza sauti vyote kimoja kimoja. Usichomoe waya wowote, kuchomoa ndiko kunakopiga "pah!"

Na vuvuzela. Huwezi kuwapokonya watu vuvuzela. Lakini wale wanaoongoza nyimbo, ambao kila timu inao wawili watatu na wote twawajua, waendee mapema na uwape kazi: wao ndio wanyamazishe upande wao. Mlinzi akipiga kelele "nyamazeni" ameongeza kelele.

Mpaka_Chokaa

Na tuktuk? Barabara iko mita ishirini kutoka mstarini.

Fundi_Mitambo

Barabara huifungi, kaka. Kimya cha uwanja wa wazi si kimya cha studio. Weka watu wawili kwenye kituo cha tuktuk na bodaboda wawaombe wazime injini kwa dakika mbili, wengi hukubali wakiambiwa sababu. Wanaopita, wapite.

Binti_Mvita

Wakubwa zangu, kabla hamjafika kwenye honi na waya: mwamkumbuka nani? Sisemi kwa ubishi. Mtangazaji atasoma nini katika hiyo nusu dakika? "Mashujaa wetu wote" si jibu. Mtu hawezi kumnyamazia asiyemjua.

Popi ni ua la mashamba ya Ufaransa na Ubelgiji, la Vita Vikuu vya Kwanza kule. Huku vita hivyohivyo vilikuwa na sura nyingine. Kikosi cha Waingereza kilichoshindwa Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914 kilirudi Mombasa. Reli ya kutoka Voi kwenda upande wa Taveta ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo. Mlima Salaita ulipiganiwa Februari 1916. Na waliokufa wengi zaidi hawakushika bunduki: walikuwa wapagazi, waliokufa kwa kuhara damu, malaria, kichomi na chakula kibovu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni majina yaliyotokana na kikosi chao, Carrier Corps kwa Kiingereza.

Hapa kwetu kuna sanamu za shaba Barabara ya Jomo Kenyatta, ndugu za zile za Nairobi na Dar, kazi ya mchongaji mmoja, James Alexander Stevenson. Maandishi ya ile ya Nairobi yawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Miguu na mikono, lakini majina hakuna. Mwaka 2021 Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kuhusu tarehe: risasi zilisimama Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Huku jemadari wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alikuwa bado porini Rhodesia ya Kaskazini, habari zikamfikia baada ya siku mbili tatu, na alisalimu amri rasmi Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba. Kama fainali yenu iko wiki ya mwisho wa Novemba, mna tarehe yenu wenyewe, hamna haja ya kuazima.

Kanuni_ya_Nne

Dada Binti amegusa penyewe. Sasa jezi.

Sheria ya nne ya mpira yakataza maneno au picha za kisiasa, za kidini au za kibinafsi kwenye vifaa vya mchezaji. Ni sheria hiyohiyo iliyozua mvutano wa popi. Novemba 2011 FIFA iliwakatalia Uingereza kuvaa popi kwenye jezi dhidi ya Hispania, ikaishia kuruhusu vitambaa vyeusi vya mkononi vyenye ua hilo. Tarehe 11 Novemba 2016, Uingereza na Scotland walipokutana Wembley, walivaa bila ruhusa. Mwezi uliofuata zikaja faini: Uingereza faranga 45,000 za Uswisi, Scotland na Wales 20,000 kila mmoja, Ireland ya Kaskazini 15,000. Mwaka 2017 maelezo ya sheria yalirekebishwa, na Novemba ile Uingereza na Ujerumani wote wawili wakavaa popi kwenye vitambaa vyao.

Kilichoingizwa ni cha maana kwenu zaidi ya faini. Sheria sasa yasema kwamba tukio kubwa la taifa au la dunia likikumbukwa, hisia za timu pinzani, za mashabiki wake na za umma zizingatiwe kwa makini. Maana yake ni kwamba mpinzani aulizwe kabla. Mkimwonyesha kitambaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo dakika 20 kabla ya mpira, hamjamuuliza, mmemlazimisha.

Mchezaji mmoja mmoja naye ana haki yake. Mchezaji James McClean, mzaliwa wa Derry, Ireland ya Kaskazini, alianza kuikataa popi kwenye jezi yake mwaka 2012, na mwaka 2014 alimwandikia mwenyekiti wa klabu yake ya Wigan barua akaeleza sababu: watu wa mji wake waliouawa na wanajeshi wa Uingereza mwaka 1972. Nemanja Matić aliikataa mwaka 2018 akiwa Manchester United, kwa sababu nchi yake Serbia ilipigwa mabomu ya NATO yeye akiwa mtoto. Alama moja huwa na waliokufa wa pande mbili. Hapa Mombasa mkiibandika popi vifuani mwa vijana 22, jiulizeni kama hamtakuwa na McClean wenu wawili watatu, na mtamfanya nini kila mmoja. Jibu langu: kitambaa cheusi tupu, asiyetaka asivae, na mtangazaji asimtaje.

Jezi_na_Pasi

Naunga mkono kitambaa, kwa sababu za kiwandani.

Kubandika alama kwa mashine ya joto kwenye jezi za poliesta kwataka uangalifu. Moto wa pamba huacha mraba unaong'aa usiotoka. Kwa poliesta kaa kati ya nyuzi 130 na 150 kutegemea karatasi, sekunde 10 hadi 15, na ujaribu kwanza kwenye jezi ya akiba. Jezi nyekundu na za rangi zilizochapwa kwa joto zina tabia ya kuachia rangi yake ipande juu ya alama: waliobandika ua jeupe Ijumaa hukuta la waridi Jumapili. Zisifuliwe kabla ya saa 24, na zikifuliwa zigeuzwe ndani nje. Na jezi za mtaa huazimwa. Utairudisha vipi yenye ua?

Pini za kuchoma hazina nafasi kwa mchezaji, hata ndogo. Refa atazitoa, na ni haki yake.

Kitambaa: lastiki nyeusi ya sentimita tano. Pima mkono juu ya kiwiko, toa sentimita tatu, shona kwa zigizaga ili uzi usikatike ukivutika. Lastiki mita tisa yatosha timu mbili pamoja na waamuzi, na ubaki nayo kidogo. Kivaliwe mkono wa kulia, kwa kuwa nahodha ana chake kushoto. Mkiviweka mkono mmoja vyasukumana, na kufikia dakika ya kumi kimoja kiko kwenye kifundo. Tepu nyeusi ya umeme ni njia ya dharura tu: kwa joto letu hulowa jasho, hujikunja ikawa kamba, na mchezaji huitupa nyasini. Na kwa jezi nyeusi kitambaa cheusi hakionekani, fikirieni cheupe.

Jingine. Kuna kamati hupenda kuchapa jezi za madoadoa ya kijeshi kwa siku kama hizi. Acheni kabisa. Raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo ni kosa kisheria, na polisi hawatauliza kama ulikuwa unaomboleza.

Maalim_K

Naomba niingie kwa adabu. Wengi wa watakaokuwa mstarini ni Waislamu, na kuna wanaoona kusimama kimya kwa ajili ya maiti si mwendo wetu. Msibishane nao uwanjani. Mtangazaji aseme hivi: "Tutasimama dakika moja. Kila mmoja amwombee marehemu kwa dini yake." Hapo anayetaka Fatiha aisome moyoni, Mkristo aombe sala yake, asiyetaka asimame tu. Wasiitwe viongozi wa dini wawili watatu kila mmoja na kipaza sauti, itakwenda dakika kumi na wachezaji watapoa miili.

Alasiri yaadhiniwa kwenye saa tisa na nusu hivi mwezi huo, kwa hiyo saa tisa na 58 mko salama. Lakini msiipeleke heshima hiyo kwenye utoaji wa kombe. Mpira wa saa kumi ukienda muda wa nyongeza na penalti, utawafikisha Magharibi, na adhana haisubiri kipenga.

Dogo_wa_Bomu

Pigeni makofi ya dakika moja tu yaishe. Ulaya siku hizi makofi ndiyo yanayotumika.

Kipenga_cha_Pwani

Mwanangu, makofi yana mahali pake. Yalienea Uingereza alipofariki mchezaji George Best Novemba 2005, na yamfaa mtu ambaye watu walimfurahia uwanjani. Mashabiki wa Espanyol ya Hispania hupiga makofi kila dakika ya 21 kwa nahodha wao Dani Jarque aliyefariki 2009, kwa kuwa jezi yake ilikuwa namba 21, na mpira hausimami. Hilo zuri sana kwa mchezaji wenu wa mtaa. Tena yana faida moja ya siri: hufunika zomeazomea, ndiyo maana klabu zenye hofu na mashabiki wake huyakimbilia. Lakini kwa waliokufa vitani makofi yaonekana kama mwashangilia vita. Februari 2008, miaka 50 baada ya ajali ya ndege ya Munich iliyowaua wachezaji wa Manchester United, watu walihofia mashabiki wa wapinzani wao Manchester City wangeharibu kimya Old Trafford. Hawakuharibu. Waliambiwa mapema, wakaelezwa ni kwa ajili ya nani, wakatulia.

Bahari_ya_Kilindini

Nimesoma yote. Binti Mvita kauliza nani, na mwajibu kwa vitambaa na lastiki. Mie nina jibu la mji huu.

Mwanzoni mwa Februari 1944 meli ya abiria Khedive Ismail iling'oa nanga hapa Kilindini kwenda Colombo katika msafara. Ndani mlikuwa na watu zaidi ya 1,500. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, na pia walikuwemo wauguzi na wanawake wengine wa jeshi. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga. Ilizama kwa dakika mbili tatu. Walikufa watu 1,297.

Wapagazi wa 1914 hadi 1918 majina yao hatuna. Askari hawa wa mizinga wanayo: yamo kwenye Mnara wa Afrika Mashariki katika makaburi ya vita ya Nairobi, na yanatafutika bure kwenye tovuti ya Kamisheni. Mwenye simu aweza kuketi jioni moja akaandika majina ya kusoma. Waliondoka kwenye maji ambayo ukisimama Mbaraki wayaona, na sijui kwa nini hatuwataji. Makaburi ya vita ya Mombasa nayo yako Mbaraki hukohuko, lakini hawa hawamo, wako chini ya bahari.

Pendekezo langu: Novemba nyamazeni kwa wapagazi, kwa kuwa ndiyo tarehe yao. Kisha mechi ya Februari iliyo karibu na tarehe 12 iwe ya Khedive Ismail, na hapo majina yasomwe, kumi tu, si 1,000. Majina kumi kwa mwendo wa kueleweka huchukua sekunde 40. Msomaji ayafanyie mazoezi kwa sauti, maana karani wa zamani aliyaandika alivyosikia.

Binti_Mvita

Mzee wangu, hili la Februari nalipokea kwa mikono miwili. Neno moja tu: msiunganishe na vita vya sasa katika tangazo hilohilo. Waliokufa El Adde, kambi ya jeshi letu Somalia iliyoshambuliwa Januari 2016, wana wajane na mayatima walio hai, wengine mtaani kwenu. Hao wakumbukwe siku yao, kwa idhini ya familia, bila kutajwa jina wala idadi ambayo familia haikuridhia. Mkichanganya 1918, 1944 na Somalia katika nusu dakika, kila kundi litahisi limepewa theluthi.

Askari_Mstaafu_Lk

Tarumbeta hai ni tofauti na ya simu, hata kwa mtoto. Kama mwataka mpigaji wa jeshi, barua yenye muhuri ipelekwe kwa uongozi wa kambi, kwa huku Wanamaji wa Mtongwe, tena mapema sana, mwezi au zaidi, na mkubali kwamba kazi yaweza kumwita dakika ya mwisho. Wakongwe wapitie chama chao, DEFOCA. Msimwite mtu mmoja mmoja kwa kujuana. Kiti chenye kivuli kiwe tayari, maji yawe tayari, na mzee wa miaka 80 asisimamishwe juani kungoja timu zipashe misuli. Wazee hupewa kwanza, wageni wa siasa baadaye. Nasema hivi nikijua kitakachotokea.

Bendera ya taifa msiishushe nusu mlingoti kwa uamuzi wa kamati. Hilo huja kwa tangazo la Rais. Bendera ya mashindano ni yenu: ipandisheni mpaka kileleni kwanza, ndipo mshushe hadi nusu. Na kuitoa ni vivyo hivyo, yapanda kileleni kisha yashuka yote.

Shada_la_Kisauni

Maua kidogo. Shada la sentimita 45 latosha, kubwa zaidi mtu mmoja halibebi bila kupepesuka. Sponji ya maua iachwe izame majini yenyewe. Ukiisukuma kwa mkono hewa hubaki katikati, na maua ya sehemu hiyo hunyauka saa mbili baadaye. Liwekwe kivulini na kitambaa kibichi mpaka saa tisa na 55. Asumini na vikuba viacheni, hayo ni maua ya harusi, mtawachanganya watu. Chini ya shada kuna waya: mwamuzi wa akiba aliondoe uwanjani kabla ya kipenga cha kuanza, lisiachwe karibu na kibendera cha kona ati lipendeze. Baada ya mpira watu wachache walipeleke kwenye zile sanamu Barabara ya Jomo Kenyatta, palipo na maegesho ya shida, basi waende kwa miguu.

Katibu_Mtaani

Ahsanteni sana, nimepata kazi. Popi imeondoka, mdhamini ameelezwa na amekubali jina lake litajwe wakati wa kombe badala yake. Fainali imesogezwa Jumapili iliyo karibu na tarehe 25. Haya ndiyo maneno ya mtangazaji, yakosoeni:

"Mabibi na mabwana, kabla ya mchezo wetu wa leo wa fainali ya kukata na shoka, tunaomba tuungane sote kwa pamoja kuwakumbuka mashujaa wetu wapagazi, waliojitolea maisha yao kwa ajili ya uhuru wetu katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilivyoisha tarehe 25 Novemba 1918. Kila mmoja aombe kwa dini yake. Kimya kitaanza kwa kipenga cha mwamuzi na kitaisha kwa kipenga cha mwamuzi."

Binti_Mvita

Toa "waliojitolea" na "uhuru wetu". Wengi walikamatwa wakapelekwa kwa nguvu, na haikuwa vita ya uhuru wao. Vita havikuisha tarehe 25, tarehe 25 ni ya waliosalimu amri huku. Andika: "Tunawakumbuka wapagazi wa Afrika Mashariki waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Walibeba chakula na risasi za majeshi. Majina yao wengi hayakuandikwa."

Kipenga_cha_Pwani

Na toa "kukata na shoka". Kwenye spika za uwanja msomaji asiende zaidi ya maneno mawili kwa sekunde, kwa hiyo yote yasizidi maneno 60. Ayachape kwa herufi kubwa kwenye karatasi ngumu, si kwenye simu. Saa tisa na 57 jua liko machoni na kioo hakisomeki.